Wanaochungulia Dirishani

(Maneno haya niliyasema Moshi mjini, mbele ya vijana wanaoandika na kupiga filamu pamoja na wageni wao, mara baada ya kuangalia kwa pamoja filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1961. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa tu mizaha miwili iliyowahusu watu waliokuwepo ukumbini na wake zao.)

Mwenyekiti, wazee wangu mliovumilia viti vya plastiki mpaka saa hizi, dada zangu, kaka zangu wa kamera. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nilikaa kule nyuma kwa makusudi, ili nisikie mnacheka wapi. Mmecheka pale bwana anapojiwazia anamkoroga mkewe kwenye pipa la sabuni inayochemka. Mmecheka zaidi alipomzamisha, kwa mawazo tu, kwenye mchanga unaomeza watu. Lakini bastola ilipolia kweli kule mwishoni, kicheko kilikatika ukumbi mzima, isipokuwa mtu mmoja upande huu wa kulia. Simtaji. Yeye anajijua, na aliyekaa naye pia sasa anamjua.

Nawaombeni tukae kwenye ile sekunde ambayo kicheko kilikatika. Filamu za kuchekesha tunazo. Filamu za kuliza tunazo, tena nyingi. Hii ya kucheka halafu ukajikuta unaona aibu kwa nini ulicheka, kichekesho kichungu, hatujaizoea sana, na nadhani najua tunakwama wapi.

Kwa waliochelewa, najua usafiri wa jioni ulivyo, nieleze kwa kifupi. Filamu inaitwa Divorzio all'italiana, Talaka ya Kiitaliano tuseme. Iliongozwa na Pietro Germi, na mwaka wa 1963 ilipokea tuzo ya Oscar ya skripti. Mhusika ni Fefè, mtoto wa kabaila wa kisiwa cha Sicily, ukoo mkubwa ambao fedha zimekwisha na kimebaki kiburi na nyumba inayovuja. Marcello Mastroianni ndiye anayemwigiza, na kile kimdomo chake kinachojivuta upande kila akipata wazo baya. Fefè amemchoka mkewe Rosalia. Anamtaka binamu yake, Angela, msichana wa miaka 16. Tatizo ni kwamba Italia ya wakati ule haikuwa na talaka. Sheria ya talaka ilikuja Desemba 1970. Ilichokuwa nacho ni ibara ya 587 ya kanuni yao ya adhabu: mtu akimuua mwenzi wake wa ndoa, binti au dada yake aliyemkuta katika uzinzi, kwa hasira ya kuvunjiwa heshima, kifungo chake ni miaka 3 hadi 7.

Sasa mnaona hesabu. Kumwacha haruhusiwi, kumuua kuna punguzo. Kilichobaki ni kumtafutia mkewe hawara.

Ndicho anachokifanya, na hapo ndipo utamu ulipo. Mume mzima anahangaika mchana na usiku ili achepukiwe. Anamchagua mwanamume, mchoraji mmoja aliyewahi kumpenda Rosalia zamani. Anamwingiza nyumbani kwa kisingizio cha kukarabati michoro ya dari. Anaficha mashine ya kurekodi sauti, anakaa pembeni anasikiliza kama kocha anayeona mshambuliaji wake anakosa penalti. Mbona hamshikani mikono! Kazi yote hiyo, jasho lote hilo, kwa ajili ya kutendwa.

Vijana wangu, ukitaka kuandika kichekesho cha usaliti wa ndoa, anza na hilo. Kitanda hakichekeshi. Tumekiona kitanda, kina shuka, tumemaliza. Kinachochekesha ni kazi. Usaliti ni ajira ya pili: una ratiba, una nauli, una vocha, una akaunti ya siri, una rafiki wa kukulindia uongo ambaye naye anataka bia. Mtu ambaye ofisini hawezi kukumbuka kikao cha saa tatu anakumbuka kwa usahihi Jumanne alimwambia mkewe yuko Boma Ng'ombe na Alhamisi alimwambia yuko Himo. Mwonyeshe akifanya kazi hiyo kwa bidii, uso mkavu, bila muziki wa kuchekesha chini yake. Nawaambieni maedita, ule muziki wa filimbi mnaouweka kumwambia mtazamaji "cheka sasa", uacheni. Marehemu King Majuto hakuuhitaji. Alisimama tu, akamwangalia mwenye nyumba, ukumbi ukaanguka.

Lakini bado sijafika kwenye jambo langu.

Rudini kwenye filamu. Usiku ule mji mzima umekwenda sinema. Fefè anatoka ukumbini kwa kunyata ili akafumanie, anafika nyumbani anakuta mke na mchoraji wameshapanda treni. Wamempita. Na kuanzia hapo filamu inamwacha Fefè kidogo, inaugeukia mji. Zinaanza kuja barua zisizo na jina. Uchumba wa dada yake, aliyekuwa anaolewa na mtu wa biashara ya majeneza, unavunjika, maana nani ataoa kwenye ukoo wa mtu aliyechepukiwa akanyamaza? Mke wa yule mchoraji anamtemea mate hadharani, msibani. Watu hawataki Rosalia arudi wala hawataki mtu yeyote apone. Wanataka damu, na wanaitaka kutoka kwake kwa sababu yeye ndiye mwanamume. Fefè anazipokea zile dharau zote kwa furaha ya siri, anazikusanya moja moja, kwa kuwa kila tusi ni kielelezo mahakamani. Mji unadhani unamlazimisha, kumbe unamfanyia kazi.

Hapo ndipo Germi alipotushinda wengi. Hadithi ya usaliti yeye hakuiweka kwenye watu wawili wala watatu. Aliiweka kwa wanaochungulia dirishani.

Sasa tazameni zetu. Mwanamume, mwanamke, mlango unafunguliwa, kofi, kilio, kelele za "nimekukosea nini", halafu mwenye dhambi anapata ajali ya gari au anapata wazimu au anakohoa hadi kufa, na mchungaji anasema maneno mawili makaburini. Sikatai, tumezikuta hivyo. Tangu enzi za vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre, ambapo jioni moja ulipata ngoma, taarabu, maigizo na vichekesho kwa kiingilio kimoja, mzinzi alikuwa mtu wa kuchekwa halafu kuadhibiwa. Watu walikwenda nyumbani wameridhika. Ila angalieni nani hayupo kwenye picha. Hayupo mhudumu wa gesti aliyeandika majina ya uongo kwenye daftari huku anamjua bwana huyo tangu ubatizo. Hayupo kijana wa bodaboda aliyelipwa buku tano apeleke na buku kumi asiseme, halafu akapokea kumi nyingine kutoka upande wa pili ili aseme. Hawapo wale ishirini waliojaa kwenye korido siku ya fumanizi, simu zote juu, na hakuna hata mmoja aliyemtupia yule mama kanga. Video ile inafika Dar es Salaam kabla ya yule mama hajafika kwao Uru.

Ishirini wale wamecheka. Wakarudi nyumbani kwao, kila mmoja na siri yake mfukoni.

Mtaniambia, hao ni wambea tu, ni watu wa pembeni. Si wa pembeni hata kidogo. Wamo hadi kwenye sheria zetu. Mnisamehe nitaongea kidogo kama wakili, nina marafiki wengi huko na nimewasumbua sana.

Kwetu uzinzi wenyewe si jinai ya kukupeleka jela. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakupa njia nyingine: kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumshtaki mtu aliyezini na mwenzi wake, adai fidia. Ndiyo ile kesi ya ugoni. Lakini fungueni kifungu cha 74. Kinasema fidia hiyo isiwe na kipengele cha adhabu. Na katika kuipima, mahakama iangalie mila za jamii ya wahusika, na pia kama mume na mke walikuwa wanaishi pamoja au wametengana. Umeona? Unakwenda kudai maumivu ya moyo wako, hakimu anauliza, kwenu huko watu wanasemaje?

Nendeni kwenye jambo zito zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Lakini mtu akiua kwa ghadhabu ya ghafla, amechokozwa vikali na hajapata muda wa kupoa, kosa linashuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo hakimu ana nafasi pana, kuanzia kifungo kidogo hadi cha maisha. Uchokozi wenyewe unapimwaje? Kwa mtu wa kawaida, na sheria inafafanua: mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Majirani tena! Kwenye fidia wamo, kwenye kitanzi wamo.

Ngojeni, naona mama yangu pale nyuma ameinua mkono. Nitakuja kwako mama, nakuahidi.

Lazima niseme wazi: Fefè kwa sheria yetu asingepona. Amepanga miezi, amenunua mashine, ameandaa hotuba ya wakili wake kichwani. Huo si uchokozi wa ghafla. Na Waitaliano wenyewe ile ibara ya 587 waliifuta mwaka 1981, miaka 20 baada ya filamu. Filamu haikuifuta, msije mkatoka hapa mnasema filamu ilibadilisha sheria. Waliifuta watu waliopigana miaka mingi. Lakini filamu iliifanya ionekane kitu cha kuchekwa, na sheria iliyochekwa na watu wote haikai vizuri kitini.

Nina lawama moja kwa Germi, na sitaimeza kwa sababu ana Oscar. Rosalia. Kamera inamcheka kwa kuwa ana vinywele juu ya mdomo, kwa kuwa anampenda mumewe kupita kiasi, kwa kuwa anauliza usiku wa manane, "unanipenda kiasi gani?" Anauawa hatujajua anawaza nini. Wenyewe mmeona: kwenye zile ndoto za kuuawa kwake tumecheka bila breki kwa sababu tayari tulikuwa tumefundishwa kwamba ni kero. Wapo watakaonijibu kwamba ndiyo maana ya filamu, tunaona kwa macho ya Fefè, na aibu ndiyo hiyo ninayoisifia. Nusu nakubali. Nusu nyingine nasema mwandishi alijipa urahisi. Kila mtu humu amewahi kukaa msibani ambapo sababu ya kifo cha mwanamke ilisomwa kwa sauti ya chini, haraka haraka, halafu kwaya ikaimba. Kwa hiyo sisi hapa Moshi tukiandika yetu, huyo mwanamke hatuwezi kumfanya kero tu. Aandikwe na akili yake, na mizaha yake mwenyewe ikiwezekana.

Nimejaribu. Niwasimulie skripti ninayoihangaikia, mkiiba nitawajua maana mko wachache.

Mlima wetu una jambo moja ambalo mwandishi wa Sicily angelilia kulipata: Desemba. Miezi kumi na moja watu wametawanyika, Dar, Mwanza, Mbeya, Nairobi. Desemba wote wanapanda. Basi mtu wetu, nimemwita Baba Anitha, anauza spea Gerezani, nyumba yake iko Tegeta. Ana dada mmoja amempangia chumba Mabibo. Kati ya Tegeta na Mabibo kuna foleni ya kutosha kulinda ndoa yoyote. Miaka inakwenda. Ila mkewe ni wa Kibosho, kama yeye, na yule dada ni wa Uru, hapo kilima cha pili. Dar uongo una nafasi, huku juu hauna. Huku ukikohoa Kibosho, Uru wanakuuliza umepona?

Baba Anitha anataka siku mbili za kukaa Moshi mjini na yule dada kabla familia haijafika. Anamwambia mkewe, natangulia, Baba Mdogo ni mahututi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ni ya kutoka stendi ya Mbezi hadi hapa, kilomita zaidi ya mia tano, na basi limesimama Mombo watu wakala kuku.

Mama Anitha ni mtu mwema, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtu mbaya angepuuza. Yeye anaandika kwenye grupu la ukoo: tumwombee Baba Mdogo, hali si nzuri. Dakika kumi baadaye mtu wa Mwanza ameuliza namba ya M-Pesa. Mwingine wa Arusha ameteua kamati, yeye akiwa mweka hazina. Asubuhi Baba Mdogo yuko kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, ana kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, anaona kijana anapima uwanja kwa hatua.

"Unapima nini?"

"Nafasi ya turubai, mzee."

"La nini?"

Kijana anamwangalia, anaangalia daftari, anamwangalia tena. Baba Mdogo si mjinga. Haulizi nani kasema. Anauliza, "zimefika ngapi?" Akitajiwa, anaweka kata chini, anaingia ndani, analala, anavuta blanketi. Kazi kwenu.

Mnacheka. Endeleeni. Maana kuanzia hapo kila mtu ana sababu ya kuulinda ule uongo. Baba Anitha ana yake. Mgonjwa ana asilimia zake. Mweka hazina ameshakopa kidogo. Wanaokuja kumjulia hali wanaletewa mtori, na mtori ni mtamu. Jirani anajua kabisa kwamba mzee ni mzima, ila naye ameahidiwa kazi ya kuchoma mbuzi. Kijiji kizima kinamuuguza mtu mzima wa afya. Siku ya tatu, katikati ya usiku, Baba Mdogo anajiiba jikoni, anakula mnofu wa nyama iliyokusudiwa wageni, anakula haraka kwa kuwa mgonjwa mahututi haruhusiwi kuonekana anatafuna. Inamkwama. Hawezi kuita mtu. Akiita, ataulizwa anafanya nini jikoni.

Mmenyamaza. Vizuri.

Sasa nawauliza nilivyojiuliza mwenyewe usiku mwingi: bili anapelekewa nani? Kwa mtindo wetu wa zamani, Baba Anitha angegongwa na fuso njia panda ya Himo. Nilimgonga kweli, kwenye rasimu ya kwanza. Ilikuwa haraka na safi, na ilikuwa uongo. Kwa sababu ukimuua yeye, umewaruhusu wote kwenda nyumbani. Nikaketi nikafikiria kijiji hiki ninachokifahamu kingefanya nini. Kijiji hakiwezi kujilaumu. Kinatafuta nani alisema kwanza. Wanafungua grupu, wanapanda juu, juu, juu, wanakuta ujumbe. Ni wa Mama Anitha. Tarehe ipo, saa ipo. Alijuaje mzee atakufa, siku tatu kabla?

Ndiyo hivyo. Mwanamke pekee ambaye hakudanganya mtu ndiye anayebaki na neno la uchawi. Mumewe anajua ukweli na anaweza kumwokoa kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ina jina la dada wa Uru ndani yake. Anafungua mdomo. Anaufunga. Kamera ibaki usoni kwake muda mrefu kuliko mnavyotamani, maedita mnanisikia? Muda mrefu.

Kuna sini nyingine naipenda, ya jani la isale. Wazee hapa wataniunga mkono: kwa desturi ya Wachagga, mtu aliyekosa akija na isale kuomba msamaha, ni vigumu sana kumfukuza. Na isale hilohilo ndilo tunalopanda mpakani mwa kihamba. Basi Baba Anitha kwa miaka yote amekuwa akikosa, anakwenda mpakani anachuma, anampelekea baba mkwe, anasamehewa. Amekosa sana. Mpaka ule ua umebaki vijiti. Jirani anakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kushtaki kwamba mpaka umepotea, na shauri la ndoa linageuka kuwa shauri la ardhi. Hilo sikulitunga lote. Mtu akiishi hapa anavumilia tu, yanakuja yenyewe.

Halafu kuna Mama Anitha anapoamua kuondoka. Msimwandikie machozi, mwandikieni makaratasi. Hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Kifungu cha 101 cha ile Sheria ya Ndoa kinamtaka apite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la dini yake, lishindwe kuwapatanisha, ndipo apewe ile fomu namba 3. Anakaa kwenye benchi mbele ya wajumbe, na wajumbe ni nani? Haohao waliokula mtori. Akisema mume amezini, kifungu cha 107 kinaukubali uzinzi kama dalili kwamba ndoa imevunjika, hasa ukiwa umerudiwa au umeendelea baada ya kukemewa. Kwa hiyo mjumbe anamuuliza kwa upole kabisa: mama, ulimkemea mara ngapi?

Akitaka kumdai fidia yule dada, dada ana utetezi wake: sheria inamsamehe asiyejua na ambaye hata kwa kujihadhari asingeweza kujua kwamba mtu ana ndoa. Anasimama, anaapa hakujua. Hapo mweka hazina wetu wa Arusha, ambaye hatupi karatasi, anatoa orodha ya michango ya harusi ya Baba Anitha. Jina la dada limo. Alichanga. Kadi ya watu wawili.

Na nyumba ya Tegeta? Mama Anitha hana jina kwenye hati. Lakini tangu mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wanawake wengi nchi hii wamepata haki zao kwa njia aliyoifungua mama yule. Yeye mwenyewe? Rufaa yake ilitupwa, mahakama ikaona fungu lake alishalipata kwenye fedha alizokuwa amepewa na mume. Aliwashindia wengine akatoka mikono mitupu. Mimi nikisoma hukumu ile huwa nasema Germi angehamia Tanzania.

Kuhusu mwisho. Talaka ya Kiitaliano inaishia kwenye boti. Fefè ametoka kifungoni, amemwoa Angela, jua linawaka, wanabusiana, na kamera inashuka taratibu hadi miguuni, tunaona mguu wa Angela unaupapasa mguu wa kijana anayeendesha boti. Basi. Hakuna ajali wala mchungaji. Kuna mguu. Fefè hajui, na hatujui atajua lini. Watu wanasema hiyo ndiyo adhabu yake. Mimi sioni adhabu pale, naona kazi inaanza upya, na safari hii ibara ya 587 bado ipo, na Angela hajui ameolewa na mtu anayeijua kwa moyo. Ndiyo maana mguu ule unanitisha kuliko bastola.

Yangu haijapata mguu wake. Nimejaribu miisho kadhaa. Uliopo sasa ni Desemba inayofuata, grupu la ukoo, mtu ameandika kwamba Shangazi wa Machame anaumwa kidogo, na simu zote mlimani zinaanza kuita kwa pamoja, kila mtu anaangalia yake, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuandika "pole". Sijui kama unatosha. Mkiwa na bora zaidi nipeni leo hii, nitawaandika kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maikrofoni mpeni mama wa nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja kesi ya ugoni, na bwana aliyekaa naye amehama kiti.